Mvinyo wa Dodoma: Uonjeni, lakini msiuite dawa

Kichen pati nyingi za mjini siku hizi hazikosi chupa za mvinyo mwekundu. Bia huhesabiwa, soda huisha mapema, lakini mvinyo hupita kwa heshima, na mara nyingi hupitishwa kwa maneno ya kubembeleza: "Shoga, kunywa tu, hii ni zabibu, haina pombe ya maana." Akiwapo mjamzito au mama aliyetoka kujifungua, huongezewa na la pili: "Tena wewe ndiyo unywe, dada, inaongeza damu."

Kauli hizo mbili si za kweli, na madhara yake yatafuata huko mbele. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba mvinyo wenyewe hauhitaji kusifiwa kwa uongo. Sehemu ya chupa za bei nafuu zilizo kwenye meza hizo zinatoka Dodoma, katika mashamba ambayo familia inaweza kwenda kuyaona kwa macho na kurudi na kitu cha kuzungumza. Tangu treni ya umeme ianze safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kuondoka asubuhi na mchana akawa kati ya mistari ya mizabibu.

Safari ya Hombolo

Hombolo iko kiasi cha kilomita 40 kaskazini mashariki mwa Dodoma mjini. Wengi wanaijua kwa Chuo cha Serikali za Mitaa au kwa bwawa lake. Njiani ni nchi ya Wagogo ile ile inayojulikana: mibuyu, ng'ombe, mtama na uwele, na vumbi wakati wa kiangazi. Mgeni anayetarajia vilima vya kijani kama vya kwenye filamu za Ufaransa atashangaa. Mizabibu ya Dodoma inasimama kwenye udongo wa kichanga, imefungwa kwenye nguzo na waya, na wakati wa kiangazi shamba linalomwagiliwa huwa ndilo kijani pekee kwa mbali.

Ukame huo unaomtesa mkulima wa mahindi ndio unaomsaidia mkulima wa zabibu. Adui wakubwa wa mzabibu ni magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na yote hupenda unyevunyevu. Dodoma hupata mvua kidogo, nyingi ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo mkavu. Ndiyo maana zabibu zinazovunwa Agosti na Septemba kwa kawaida huwa safi na tamu kuliko zile za Februari na Machi, ambazo hukua mvua ikinyesha na kudai kupuliziwa dawa mara nyingi zaidi.

Ndiyo, mavuno ni mara mbili kwa mwaka, na hapa Dodoma inatofautiana na Ulaya. Kule baridi kali huulaza mzabibu, majani yote hupukutika, na mkulima huvuna mara moja. Dodoma iko nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta na haina baridi ya kuulaza mmea. Mkulima hufanya kazi ya baridi kwa mkasi. Hupunguza maji, kisha hupogolea matawi, na mzabibu ukishapogolewa huamka, huchipua, hutoa maua, na baada ya kama miezi minne matunda huwa tayari. Brazil nao hufanya hivyo katika bonde la mto São Francisco, lakini si nchi nyingi duniani zinazoweza.

Mavuno mawili yanasikika kama baraka tupu, lakini kila mavuno yana gharama yake: vibarua wa kupogolea, salfa ya kupulizia, maji, nguzo zilizoliwa na mchwa, na mtu wa kufukuza ndege. Mche mpya nao humsubirisha mkulima miaka miwili hadi mitatu kabla ya kumpa mavuno ya maana.

Kisha ipo saa ya kuvuna, ambayo ndiyo inayomnyima mkulima usingizi. Mahindi yanaweza kukaa ghalani mwaka mzima. Zabibu ya mvinyo haingoji. Ikiiva ina siku chache tu, na ikishakatwa kwenye jua la Dodoma ina saa. Kiwanda kikisema matangi yamejaa, mkulima hana pa kuipeleka. Anaweza kuiuza mjini kwa beseni, lakini zabibu za mvinyo ni ndogo na zina kokwa, mlaji wa kawaida anapendelea za mezani. Misimu ya hivi karibuni vilio vya wakulima wa Dodoma kukosa soko vimesikika mpaka bungeni. Baadhi yao, hasa walio kwenye vyama vya ushirika, wamejifunza kukamua wenyewe na kuuza kile wanachokiita mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi ambao viwanda huununua, huusafisha na kuuweka kwenye chupa. Mchuzi unakaa kwenye tangi. Mwenye mchuzi anaweza kubishana bei, mwenye zabibu mbichi hawezi.

Kwa nini ni nafuu

Mizabibu ililetwa Dodoma na wamisionari wa Kikatoliki, na Bihawana, kusini magharibi mwa mji, ndiko kunakotajwa sana. Walitaka divai ya misa. Lugha yenyewe imehifadhi historia hiyo: divai ilitoka kwa Wafaransa na ikabaki kanisani na kwenye Biblia, mvinyo lilitoka kwa Wareno, na waini ni la Waingereza, ndilo linalosikika baa. Maneno matatu kwa kinywaji kimoja.

Baadaye Serikali iliingia kwa kampuni ya umma, DOWICO, ambayo ilipoanguka iliwaacha wakulima bila mnunuzi, na kuna waliong'oa mizabibu yao. Uhai ulirudi taratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wawekezaji kutoka Italia walianzisha CETAWICO huko Hombolo, wakaja na aina za zabibu za kwao. Kampuni ya Tanzania Distilleries, ile ile ya Konyagi, nayo ikaanza kutoa mvinyo wenye jina la Dodoma. Viwanda vidogo vimeongezeka tangu hapo.

Bei ya chupa za Dodoma haimaanishi kwamba zimechakachuliwa. Sababu ya kwanza ni kodi. Ushuru wa bidhaa kwa mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 ni mdogo sana ukilinganishwa na ule unaotozwa mvinyo wa nje. Sababu ya pili ni kwamba mvinyo mwingi wa Dodoma haukai miaka kwenye mapipa ya mwaloni. Unachachuka kwenye matangi, unatulia, unachujwa, unauzwa. Pipa la mwaloni ni ghali na hulipiwa na mnywaji. Sababu ya tatu si ya kujivunia: mkulima analipwa kidogo. Chupa moja ya mililita 750 inahitaji zabibu zinazozidi kilo moja kidogo, kwa hiyo mnunuzi anayejua bei ya kilo shambani anaweza kupiga hesabu mwenyewe.

Yapo pia mambo ya kuangalia dukani. Si kila chupa yenye picha ya zabibu ni mvinyo wa zabibu za Dodoma. Kuna mvinyo wa ndizi na wa rozela, ambao si kosa mradi lebo iseme. Kuna pia vinywaji vilivyotiwa sukari, rangi na ladha. Lebo nzuri inataja zabibu, mahali ulikotengenezwa, kiwango cha kilevi na alama ya ubora ya TBS. Lebo isiyotaja kiwango cha kilevi ibaki rafuni.

Namna ya kuonja

Ukifika kiwandani wakati wa msimu, unachokiona kwanza ni nyuki, kisha harufu ya hamira kama ya jikoni kwa muuza maandazi. Kazi yenyewe haina muujiza. Hamira hula sukari ya zabibu na kutoa kilevi. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huleta asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo zabibu yenye gramu 200 na ushee hutoa mvinyo wa asilimia 12. Jua la Dodoma halina taabu kufika hapo. Taabu yake ni kinyume: tunda likizidi kuiva, ukali unaochangamsha ulimi hupotea, na mvinyo huwa mzito na bapa. Mvunaji mzuri hukata asubuhi na mapema, tena kabla sukari haijapita kiasi.

Rangi nyekundu hutoka kwenye maganda. Juisi ya zabibu nyingi nyekundu yenyewe ni karibu nyeupe, na ndiyo maana mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, ilhali mweupe hukamuliwa na maganda kutupwa mapema. Maganda na kokwa huleta pia ule ukakasi unaokausha fizi. Aliyewahi kutafuna bibo au ndizi mbichi anaujua. Anayekunywa mvinyo mwekundu mkavu kwa mara ya kwanza hudhani umeharibika. Haujaharibika. Ukakasi ni sehemu yake, na hupungua mbele ya nyama yenye mafuta. Ndiyo sababu mwekundu mkavu wa Dodoma unaoonekana mkali ukinywewa mtupu hubadilika kabisa ukikutana na mishikaki au mbuzi wa kuchoma.

Kwa wekundu, aina ya kienyeji iliyozoeleka ni Makutupora, jina la eneo lililo kaskazini mwa jiji, ambako kuna kituo cha utafiti wa zabibu na visima vinavyonywesha Dodoma. Mvinyo wake ni mwepesi wa mwili, una harufu ya matunda yaliyopikwa, si wa kutunzwa miaka kumi. Unywewe ungali kijana. Kwa weupe, Chenin Blanc ndiyo inayofaa zaidi kwa hali ya hewa ile, kwa sababu huhifadhi ukali wake hata kwenye joto. Ukiwa umepoa vizuri, na samaki wa kukaanga na ndimu, ni vigumu kupata chupa ya kutoka nje ya bei hiyo hiyo inayoushinda.

Neno "umepoa" linahitaji mkazo. Ushauri kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba ulitungwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambazo chumba chake kina nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Temeke kina nyuzi 30. Mvinyo mwekundu wa joto hilo hunuka spiriti na kuunguza koo, kisha lawama inakwenda kwa Dodoma. Upoozwe kwanza kwenye friji. Na chupa iliyokaa miezi dirishani mwa duka ikipigwa na jua la saa nane, hata iwe ya bei gani, imeshapikwa. Ni bora kuchukua iliyo rafu ya ndani, gizani.

Kuonja kwenyewe hakuhitaji maneno ya kujionyesha. Glasi ijazwe theluthi moja tu. Itazamwe: iwe angavu, isiwe na ukungu. Izungushwe kidogo, inuswe. Harufu ya siki, ya yai viza au ya boksi lililolowa ni dalili ya kasoro, na mteja ana haki ya kusema. Kisha funda dogo, lizungushwe mdomoni hadi pembeni mwa ulimi, na litemwe au limezwe. Kutema huwachekesha wageni, lakini wataalamu wa kuonja hutema ili wafike chupa ya kumi wakiwa bado wanajua wanachokionja. Familia inayotembelea kiwanda na kumimina mafunda manne matano kila mmoja itakuwa imekunywa glasi nzima na zaidi kabla ya chakula cha mchana. Dereva ateme, au asionje.

Kuhusu utamu, wengi wetu tumelelewa kwenye soda, kwa hiyo mvinyo mtamu ndio unaouzwa sana. Hakuna ubaya wa ladha, ila ijulikane kilichomo. Mvinyo mkavu kwa kawaida hubaki na sukari isiyozidi gramu nne kwa lita. Mtamu huanzia gramu 45. Glasi moja ya mtamu inaweza kuwa na vijiko viwili vya chai vya sukari, juu ya kilevi chenyewe ambacho kina nishati karibu sawa na mafuta. Mwenye kisukari anayeambiwa mvinyo "ni matunda" anadanganywa mara mbili.

Hesabu ya glasi na habari ya damu

Sasa turudi kwenye "haina pombe ya maana". Chupa moja ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina kama gramu 71 za kilevi halisi. Bia kubwa ya nusu lita yenye asilimia tano ina kama gramu 20. Maana yake chupa moja ya mvinyo ni sawa na bia kubwa tatu na nusu. Dada wawili wanaomaliza chupa moja wakipiga soga, kila mmoja amekunywa karibu bia mbili kubwa, na huenda wangekataa katakata kama wangewekewa bia hizo mezani. Tena mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanamume wa uzito ule ule, kwa hiyo kiasi kile kile cha kilevi humwingia kwa ukali zaidi. Hilo halina uhusiano na ujasiri wala mazoea.

Kuhusu damu, rangi imewaponza wengi. Mvinyo mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya maganda ya zabibu, kama juisi ya rozela ilivyo nyekundu kwa sababu ya ua. Madini ya chuma yaliyomo ni kidogo mno kutibu upungufu wa damu, na kilevi kikizidi hudhoofisha uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, na huharibu matumizi ya foliki asidi, ambayo mwili unaihitaji kwa kazi hiyo hiyo. Mjamzito mwenye upungufu wa damu anahitaji vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vinavyotolewa kliniki, na mlo wenye nyama, dagaa, maharage na mboga za majani, huku chai ikisogezwa mbali na saa ya chakula kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa. Mvinyo anaoupewa hufika kwa mtoto kupitia kondo la nyuma, na hakuna kiasi cha kilevi kinachojulikana kuwa salama katika ujauzito. Mtoto anaweza kuzaliwa na madhara ya ubongo yasiyotibika. Shangazi anayempa hana nia mbaya, na ndiyo sababu ni vigumu kumkatalia. Jibu fupi linalofaa ni: "Shangazi, daktari amenikataza." Halina haja ya maelezo.

Na moyo je? Imani kwamba glasi moja ya mvinyo mwekundu kila siku hulinda moyo ilipata nguvu mwaka 1991, kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilipowaonyesha Wafaransa wanaokula siagi na jibini bila kufa sana kwa moyo, na mvinyo ukapewa sifa. Mauzo yakapanda. Baadaye watafiti waliochimba zaidi waligundua kasoro katika kulinganisha: kundi la "wasiokunywa" lilikuwa na watu wengi walioacha pombe kwa sababu tayari ni wagonjwa, na wanywaji wa kiasi mara nyingi walikuwa na kipato kizuri na matibabu mazuri. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Pombe iko kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, ikiwamo ya matiti, na mvinyo haukutengwa. Anayetumia dawa za kifua kikuu, za kisukari, za kuzuia damu kuganda, au metronidazole ambayo wengi huiita Flagyl, amuulize mfamasia kabla ya kugusa glasi.

Hakuna lolote katika hayo linalomzuia mtu mzima mwenye afya kuonja mvinyo kwa kuupenda. Anayekunywa glasi moja na mishikaki kwa sababu ni tamu anajua anachofanya. Anayekunywa glasi tatu kwa ajili ya moyo wake hajui.

Kwa familia zinazopanga kwenda, Agosti na Septemba ndiyo miezi ya kuona mavuno, na ni vizuri kupiga simu kiwandani mapema, kwa kuwa baadhi havipokei wageni siku ya kupokea zabibu. Viatu vya kufunika, kofia, maji ya kunywa. Watoto hawana la kuonja kiwandani lakini wana mengi ya kuona shambani, na asiyekunywa kwa dini au kwa hiari yake hakosi kitu: juisi na zabibu za mezani zipo. Wakulima wengine huruhusu wageni kukata vichala wenyewe na kuvilipia kwa kilo, na hapo fedha huingia moja kwa moja mkononi mwa mwenye shamba. Zabibu zinazouzwa kwenye stendi na kando ya barabara nazo ni nzuri, ila zimepuliziwa salfa na dawa nyingine. Zioshwe kwa maji mengi safi kabla ya mtoto kupewa kichala akiwa dirishani mwa basi. Chupa ya mvinyo iliyofunguliwa nyumbani irudishiwe kizibo na ikae kwenye friji siku tatu hadi tano. Ikipita hapo, iingie kwenye rosti la nyama.